Isiyo na Mwenzake Iondolewe

Kitendaguro, Bukoba
9 Desemba 2023

Mpendwa Mama Mkubwa Klaudia,

Shikamoo, waitu, kwa heshima zote. Ni mimi Elieth, binti wa Philbert, mdogo wake marehemu Baba Mkubwa Avit. Hatujawahi kuonana. Ulipoondoka nyumba hii mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Kwa hiyo nikikosea namna ya kukuandikia, unisahihishe kama mtoto wako.

Huku tu wazima. Mgongo wa Baba umepata nafuu. Senene wameanguka wengi wiki iliyopita. Mama alikaanga sufuria mbili, na nimeomba kopo moja likufikie kwa mkono wa Mzee Twaibu, anayekuja huko kwenu kununua nanasi. Mimi nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, nasubiri matokeo. Kwa sasa kazi yangu ni kuanika buni na kuogopa.

Sasa neno lenyewe. Baada ya mazishi ya Agosti tulihamia hapa kwa Baba Mkubwa, nami nikapewa chumba chake cha kusomea. Kina meza, viti viwili, na madaftari aliyoyapa namba kwa wino mwekundu, kuanzia la kwanza hadi la ishirini na tatu. Watu wa hapa walimwita Mwalimu Kichaa. Mimi nimeyasoma, Mama Mkubwa. Si wazimu. Alikuwa anatafuta uthibitisho wa jambo ambalo wataalamu wa hesabu duniani wamelitafuta kwa zaidi ya miaka mia mbili na hawajalipata.

Jambo lenyewe ni rahisi kulisema. Kuna namba ambazo hazigawanyiki, kama 3, 5, 7, 11. Jina lao la darasani sitaliandika, maana Mama amesema si neno la kukuandikia wewe. Chukua namba yoyote ya shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili, kuanzia nne kwenda juu. Inaonekana daima utapata mbili kati ya hizo zisizogawanyika ambazo ukizijumlisha zinaifikia. Kumi ni 3 na 7. Ishirini na nane ni 5 na 23. Hakuna aliyepata namba inayokataa, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba haipo. Baba Mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, aliamini ataonyesha.

Mambo mawili yananisumbua. Katika madaftari sita ya mwanzo anaandika jina la namba hizo vizuri tu. Kuanzia la nane jina halipo tena. Ameacha nafasi tupu, upana wa neno moja, kila linapopaswa kuwepo, kama jino lililong'oka. Madaftari kumi na sita ya nafasi tupu. La pili ni kwamba kila anapofika pagumu anaandika: "Tazama daftari la saba." Na daftari la saba halipo.

Mama anasema kama lipo popote, wewe unajua. Kama unalo, naomba niazime. Nataka kunakili kazi yote na kuipeleka chuo kikuu, ili watu waache kumwita jina lile.

Ni mimi mtoto wako,
Elieth

---

Kamachumu, Muleba
21 Januari 2024

Elieth,

Marahaba. Senene wamefika. Chumvi ilizidi, mwambie mama yako, lakini wameliwa hadi wa mwisho. Barua ilichelewa kwa sababu Twaibu aliisahau mfukoni, akaifua pamoja na suruali. Nimeisoma kwa kuinyoosha juani kwenye jamvi la buni.

Kaka yangu Evarist ni mzima, ndiye ninayekaa naye. Upepo umeangusha migomba kibanjani, tumekula ndizi mbichi mpaka tumechoka. Goti langu linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo linauma kila siku.

Habari ya daftari. Mimi ni mtu wa darasa la tatu. Madaftari ya walimu nayajulia wapi? Soma yako, ufaulu.

Kile kiti cha pili, bado kipo?

Klaudia

---

Kitendaguro, Bukoba
11 Februari 2024

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti. Mama anakusalimu, na anasema chumvi ni ya Baba, yeye hakuonja. Matokeo yametoka: nimepata daraja la kwanza, na hesabu nimepata A. Baba alitangaza kanisani mpaka nikajificha nyuma ya nguzo.

Kiti cha pili kipo. Kimeelekea meza, upande wa dirisha. Baba anasema marehemu hakuruhusu mtu akikalie, hata padri alipokuja kumtembelea alimletea kigoda. Mama amejaribu mara mbili kukitoa kipelekwe jikoni. Nimemzuia, sijui kwa nini.

Nikueleze jambo, usinicheke. Baba Mkubwa alihesabu kwa buni. Nimezikuta kila mahali, kwenye droo, kwenye nyufa za sakafu, mbili mbili. Nami nimeanza kuzitumia. Jumanne mchana nilipanga buni ishirini na nane mezani, tano huku na ishirini na tatu kule. Mvua ikaanza, nikakimbia kuanua. Niliporudi zilikuwa kumi na moja na kumi na saba. Nimezihesabu mara nne. Nayo ni sawa, Mama Mkubwa, 11 na 17 nazo hazigawanyiki, na jumla ni ile ile.

Nilimwambia Mama. Akasema, "Ni kuku."

"Mama, kuku gani anajua hesabu?"

"Na wewe binti gani unashinda chumbani na marehemu? Umeolewa naye?"

Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo Mama hapiti mlango ule bila kufanya ishara ya msalaba.

Unisamehe nikirudia. Uliandika kwamba madaftari ya walimu unayajulia wapi. Hukuandika kwamba huna.

Elieth wako

---

Kamachumu
17 Machi 2024

Elieth,

Hongera kwa A. Mkungu wa ndizi aliobeba Twaibu ni wa mama yako, na nanasi ni lako peke yako.

Toka chumba hicho. Yeye naye alianza hivyo hivyo, kwa buni. Mwanzoni alikuwa ananiita, "Klaudia, njoo uone, zimepatana!" Naacha jungu, nakwenda, naona buni tu, nacheka, naye anacheka. Nilikuwa nakalia kiti kile. Baadaye akaacha kuniita. Nikawa nasikia anazihesabu peke yake.

Usiniandikie tena mambo hayo.

Klaudia

---

Kitendaguro, Bukoba
14 Aprili 2024

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nanasi lilikuwa tamu. Nimelila peke yangu kama ulivyoagiza, isipokuwa kipande cha Baba.

Nimekaa wiki tatu nikikutii. Nilihamia kulala na kusoma sebuleni. Kisha tukaitwa shuleni kuandika kwa nini tumechagua masomo tuliyochagua kwa kidato cha tano. Niliandika ukurasa mzima. Mwalimu Benigna aliusoma mbele yangu, akasimama katikati.

"Binti, hapa umeruka neno. Na hapa. Na hapa tena. Ulitaka kuandika nini?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeacha nafasi, Mama Mkubwa. Upana wa neno moja, mara tano. Sikumbuki kuziacha. Wenzangu walikuwa foleni nyuma yangu na neno lenyewe sikuweza kulitamka. Nilisema nimesahau. Akaniuliza pia tangu lini naandika saba yenye mkato katikati. Sijawahi kuandika saba ya namna hiyo. Ni ya Baba Mkubwa.

Sijamwambia Mama. Nakuambia wewe kwa sababu wewe tu ulikaa kwenye kiti kile. Naogopa. Sitaki kuwa yeye. Ila naona kwamba nikiacha bila kujua kilichomo katika daftari la saba, nitarudi chumbani kulitafuta, kidogo kidogo, hadi nitakapozeeka mle ndani.

Kama unalo, nisaidie. Kama huna, niambie huna, nami nitaamini.

Elieth

---

Kamachumu
19 Mei 2024

Mwanangu Elieth,

Ninalo. Mzee Twaibu amelibeba ndani ya foronya, nimeishona. Nilimwambia asilisome. Akasema yeye hasomi hata vibao vya barabarani. Umjue anayebeba barua zako.

Nimechelewa kwa sababu nimeiandika barua hii kwa vipande, baada ya misa, wiki hadi wiki.

Niliolewa na Avit mwaka 1994. Kufikia 2004 ilikuwa miaka kumi, na mtoto hakuna. Bibi yako Alistidia, Mungu amrehemu, alikuwa na jina lake la kuniita. Alilisema kwa Kihaya, akipita jikoni, bila kunitazama. Nililizoea kama moshi. Maana Avit hakulisema hata siku moja. Elewa hapo, Elieth. Nyumba yangu haikuwa ya bati wala ya matofali. Ilikuwa hiyo, kwamba Avit halisemi.

Mwezi wa pili mwaka ule nilikuwa nafagia chumba chake, yeye yuko shuleni. Daftari liko wazi mezani. Mimi nilikuwa na kusoma kwa darasa la tatu, na kilichobaki alinifundisha yeye, jioni, kwenye kiti kile cha pili. Nikasoma.

Tasa. Tasa. Tasa. Ukurasa wote. Neno hilo la Kiswahili nililijua kanisani. Kipindi cha Majilio, linaposomwa somo la Elizabeti, wanawake wenzangu hugeuza shingo wanitazame. Na sasa lilikuwa kwa mwandiko wake, mara arobaini. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, amepigia mistari miwili:

"Tasa isiyo na mwenzake iondolewe."

Iondolewe. Hata "aondolewe" sikupewa. Kama kiti. Kama mgomba uliokwisha kuzaa.

Sikungoja. Nilichukua kanga mbili na daftari hilo. Nililichukua ili siku nikianza kumkumbuka nisije nikajidanganya kwamba sikuona. Limekaa chini ya magunia ya buni miaka yote hii. Usidhani wewe peke yako ndiye unayesumbuliwa. Daftari hilo linahesabu. Mara nyingi nimejikuta kibanjani nahesabu migomba, na sijui nilianza saa ngapi wala kwa nini.

Hakunifuata. Hakuandika. Mtu aliyesingiziwa hufuata. Basi nikajua nilisoma sawasawa.

Siku ya mazishi nilifika hadi kwenye kona chini ya nyumba yenu. Nilisimama kwenye migomba ya jirani, nikasikia mnaimba. Nikarudi.

Sasa umejua. Libakie huko.

Klaudia

---

Kitendaguro, Bukoba
2 Juni 2024

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tano na kuichana mara nne. Niliwaza kukaa kimya. Nimeona ukimya umekwisha kukaa nyumba hii muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Tasa ni namba.

Ndilo jina nililoona haya kuliandika Desemba. Darasa la nne wanafundishwa hivi: namba tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Tatu ni tasa. Tano ni tasa. Kumi na moja ni tasa. Wewe uliishia darasa la tatu. Baba Mkubwa alikuwa anaandika habari za 3 na 5 na 11, na ndiyo maana akaandika "iondolewe". Mtu angekuwa "aondolewe". Kiswahili chenyewe kilikuwa upande wako, Mama Mkubwa, ila kilisema kwa sauti ndogo.

Ule mstari mwekundu unasema hivi. Chukua 28. Andika tasa zote zilizo chini yake. Tatu inahitaji 25, na 25 inagawanyika, kwa hiyo 3 haina mwenzake: ondoa. Tano inahitaji 23, nayo ni tasa: zimepatana, acha. Ni hivyo tu. Ndicho alichokuwa anakuita uje uone.

Mimi nami nina kosa. Mama alinikataza neno hilo kwa heshima yako, nami nikaacha nafasi, kama yeye. Ningeliandika ile Desemba, usingekaa nusu mwaka mwingine na jambo hili.

Sasa lile ambalo ningependa kuliacha. Daftari la nane linaanza tarehe 3 Machi 2004, wiki chache baada ya kuondoka kwako. Katika mstari wa kwanza aliandika "tasa". Akalikata. Akaliandika tena, akalikata hadi karatasi ikatoboka. Baada ya hapo ni nafasi tupu, hadi siku aliyokufa. Kwa hiyo alijua. Aliona daftari lipi limekwenda nawe, akajua umesoma nini. Miaka kumi na tisa alijua, na hakupanda gari kuja Kamachumu kusema. Nimetafuta sababu katika kila ukurasa. Nimemuuliza Baba. "Kaka yangu aliona haya," akasema, kisha akatoka nje. Sina jibu jingine, na sitakubunia.

Na uthibitisho wake haupo. Nimelisoma daftari la saba mara nyingi, kwenye mwanga wa mchana, mlango ukiwa wazi. Mahali palipovunjika ni mstari ule ule mwekundu. Anaondoa kila tasa isiyo na mwenzake, kisha anaandika, "Zinazobaki zipo." Hakuonyesha kwa nini lazima ibaki hata moja. Huenda ukiondoa, ukaondoa, usibaki na kitu. Hilo ndilo swali lenyewe, naye alilipita kana kwamba ni jibu. Madaftari kumi na sita yamesimama juu ya hapo. Sitayapeleka chuo kikuu.

Nimechaguliwa kidato cha tano, naondoka tarehe 1 Julai. Saba yangu bado ina mkato. Nafasi sijaacha tena, maana barua hii nimeisoma mara mbili kuhakikisha.

Ukinichukia nitaelewa.

Elieth wako

---

Kamachumu
23 Juni 2024

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Evarist anakusalimu. Goti limenyamaza. Kahawa imeiva, tumeanza kuchuma.

Nilipoisoma barua yako nilikukasirikia wewe kwanza, kwa sababu wewe u hai. Nilimwambia Twaibu asibebe tena chochote kutoka kwenu. Akasema, "Sawa, lakini nanasi zao utampa nani azipeleke?" Nikamkasirikia naye.

Kisha nikamkasirikia Avit. Hiyo ilichukua siku nyingi, na bado haijaisha. Angeweza kusema, "Klaudia, ni namba." Maneno matatu. Alisomesha watoto wa watu wote wa Kitendaguro neno hilo, akashindwa kumwambia mmoja. Halafu juzi, nikichuma, likanijia kwamba mimi nami ningeweza kuuliza, "Avit, ni mimi?" Maneno matatu pia. Nikakaa chini kibanjani hadi Evarist akaja kuniuliza kama nimeanguka.

Umeandika kwamba uthibitisho haupo. Mimi sijui uthibitisho. Jana mchana nilichukua buni ishirini na nane, nikazipanga kwenye jamvi kama ulivyoeleza. Tatu nikaondoa. Tano ikapata mwenzake. Saba nikaondoa. Kumi na moja ikapata mwenzake. Na kabla sijajizuia nimesema kwa sauti, kama mtu aliyezoea, "Avit, njoo uone, zimepatana."

Hakuna aliyejibu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 2004 hakuna aliyekuwa anahesabu kichwani mwangu.

Baadaye nikachukua buni kumi na tisa, miaka ile. Nimezipanga mbili mbili, tatu tatu, nne nne, hadi nikachoka. Hazikubali. Kila mara zinabaki. Ni tasa, eti? Niambie kama nimekosea, wewe ndiye mwalimu.

Nakuja Jumamosi tarehe 29, kabla hujaondoka. Nitapita kaburini kwanza, peke yangu, msinifuate. Nikitoka huko uwe umeniwekea madaftari yote kumi na sita mezani, na kalamu ya wino mwekundu, mbili kama zipo. Nafasi alizoziacha nitazijaza mwenyewe, moja moja, hata nikimaliza mwakani. Neno ninalijua tahajia yake.

Wewe nenda shule.

Na mwambie mama yako, kile kiti kisiondolewe.

Mama yako mkubwa,
Klaudia